Nimesaini Karatasi ya Chumba Nikiwa na Miaka 16

SWALI: Tulikimbia vita Mocímboa da Praia. Wazazi wamebaki mbali, mimi nasoma Pemba. Nina miaka 16. Nilisaini karatasi ya kupanga chumba mtaa wa Paquitequete, nikalipa miezi mitatu. Sasa mwenye nyumba anadai karatasi si kitu kwa kuwa mimi mtoto, anataka nitoke. Ana haki?

JIBU: Hana, mwanangu.

Ni kweli kwamba Kanuni ya Kiraia ya Msumbiji, Código Civil, haimpi mdogo uwezo kamili wa kufunga mkataba peke yake. Lakini mkataba aliousaini haufi wenyewe. Unasimama mpaka mahakama iubatilishe. Kifungu cha 125 kinawataja wanaoweza kuomba hivyo: mzazi au mlezi wako wa kisheria, au wewe mwenyewe ndani ya mwaka mmoja baada ya kufikia utu uzima. Mwenye nyumba hayumo. Sheria imekuwekea ngao. Yeye hawezi kuigeuza rungu la kukupigia. Na kumtoa mpangaji ni amri ya hakimu, si ya kufuli jipya mlangoni.

Wenye umri wako wajue mambo haya:

Manunuzi madogo ya kila siku, kama mkate, salio la simu au nauli ya chapa (basi dogo), ni halali bila mzazi. Vilevile kijana anayejitegemea kwa ruhusa ya wazazi, tuseme mvuvi, anaweza kusimamia pato la jasho lake.

Usidanganye umri. Anayetumia hila, kwa mfano cheti cha kughushi, ili aonekane mtu mzima, hupoteza haki ya kuomba mkataba ubatilishwe.

Kanuni hiyo ilipoandikwa mwaka 1966 iliweka utu uzima kwenye miaka 21. Kwa hiyo hata aliyetimiza 18 ni salama zaidi akisaini pamoja na mzazi.

Bibi au mjomba anayekulea hawi mlezi wa kisheria kwa kukulea tu. Wazazi wakiwa wamefariki au hawajulikani walipo, mlezi huteuliwa na mahakama. Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 yaliyoanzisha vita hivi, watoto wengi wa pwani yetu wako mikononi mwa ndugu. Nawasihi ndugu hao: nendeni ofisi ya ustawi wa jamii, Acção Social, mkaanze utaratibu huo, ili mtoto awe na mtu wa kumsainia nyumba na kumsemea mahakamani.

Nanyi wenye nyumba, mkitaka mkataba usioyumba, mwiteni mzazi au mlezi asaini tangu siku ya kwanza, na kila malipo yaandikiwe risiti.

Wewe mwanangu, usihame kwa vitisho. Chukua karatasi yako, risiti, na cédula (hati ya kuzaliwa) au BI (kitambulisho) kama unayo, uende IPAJ. Hilo ni shirika la serikali linalowapa wasio na uwezo wakili bila malipo.