MKONO WAKE HAUMTII: TUMSAIDIE MTOTO MWENYE DISPRAKSIA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Somo la Ijumaa hii linahusu mtoto ambaye huenda yumo nyumbani kwako, au anakaa safu ya nyuma madrasani. Ana miaka saba au minane. Anazungumza vizuri, na hadithi uliyomsimulia jana jioni leo anakurudishia yote. Lakini akibeba sahani, inaanguka. Akitumwa maji, nusu ya bidoni inamwagika njiani. Vifungo vya shati vinamshinda, mpira unapita katikati ya mikono yake, mwandiko wake hausomeki. Nyumbani anaitwa mvivu, shuleni anaitwa mjinga. Na wapo wanaonong'ona kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi.

1. DISPRAKSIA NI NINI?

Madaktari wana jina la hali hiyo: dispraksia. Mtoto anajua anachotaka kufanya, lakini ubongo wake unapata taabu kupanga mwendo na kuupeleka mikononi na miguuni. Kwako wewe kufunga kifungo ni jambo moja. Kwake ni mambo kumi, na kila asubuhi anayaanza upya.

Si upungufu wa akili. Si malezi mabaya. Haiambukizi. Katika watoto 100 wa umri wa shule, kama 5 au 6 wanayo, wavulana zaidi kuliko wasichana. Waliozaliwa kabla ya miezi kutimia hupatwa zaidi. Kwa kawaida madaktari hawaithibitishi kabla ya miaka mitano, kwa sababu watoto wadogo hawakui sawasawa.

Haina kidonge wala sindano. Basi usiuze mbuzi wako ili umlipe mtu anayekuahidi dawa ya kuimaliza. Wengi hukua nayo, lakini hujifunza kufanya kazi zao na kuishi vizuri wakisaidiwa.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Dispraksia huonekana tangu utotoni, haiji kwa siku moja. Mtoto aliyekuwa anatembea vizuri kisha miguu ikakakamaa ghafla huenda ana konzo, ugonjwa unaotokana na kula mihogo michungu isiyolowekwa ya kutosha. Mtoto anayepoteza mambo aliyokwisha kuyajua, au aliyebadilika baada ya homa kali na degedege, naye apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

2. MFANO WA MTUME (S.A.W.)

Anas bin Malik aliingia katika utumishi wa Mtume akiwa mtoto wa kama miaka kumi, akamtumikia miaka kumi. Bukhari na Muslim wamepokea kwake kwamba katika muda huo wote Mtume hakumwambia hata neno dogo la kuchoshwa naye, wala hakumhoji kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Ndugu yangu, ni mtoto gani wa miaka kumi ambaye hamwagi maji wala hasahau alichotumwa? Kama hao walivumiliwa, vipi yule ambaye mkono wake haumtii?

Fimbo inadhaniwa kumrudi mtoto aliyekataa. Huyu hakukataa. Ukimpiga kwa sahani iliyovunjika, kesho atabeba sahani akitetemeka, na mkono unaotetemeka utavunja ya pili. Umemfundisha woga tu.

3. SIKU ZA KWANZA BAADA YA KUAMBIWA

Wazazi wanaporudi kutoka hospitali na jina hili jipya, nyumba huwa nzito. Baba huuliza: limetoka ukoo gani? Mama hujilaumu kwa mimba, kwa mzigo aliobeba, kwa usiku aliokimbia vita na tumbo. Baba, usimtwike mama lawama. Jina hili si hukumu. Mtoto ni yuleyule wa jana, ila leo mmejua namna ya kumsaidia.

Na mwambieni mtoto mwenyewe, kwa maneno mepesi: "Wewe si mvivu. Mikono yako inajifunza polepole, na sisi tutakufundisha." Huenda hilo ndilo neno alilokuwa akilingoja kwa miaka.

Jirani, usiende kutoa pole kama kwenye msiba. Nenda ukamsaidie mama kuchota maji, ili apate nusu saa ya kukaa na mtoto wake.

4. TUMFUNDISHE NAMNA GANI?

Wataalamu wa mazoezi ya viungo wako katika miji mikubwa, na kutoka kwetu njia ni ndefu, wala haina usalama kila siku. Kwa hiyo kazi kubwa ni yetu nyumbani.

(a) Chagueni jambo moja tu ambalo mtoto mwenyewe analitaka. Wataalamu wa Kanada walitunga njia yenye hatua nne: weka lengo, panga, fanya, kisha angalia palipokwama. Mwache mtoto aseme mpango wake kwa sauti.

(b) Gawanya kazi. Kwa kifungo, fanya wewe hatua zote, mwachie ya mwisho. Akiiweza, mwachie mbili za mwisho.

(c) Punguza mzigo. Bidoni ndogo yenye kifuniko. Kikombe kisichojaa. Shati la kuvaa kwa kichwa. Ndara badala ya viatu vya kamba, maana hapa kwetu tunajua kwamba ikifika saa ya kukimbia hakuna anayengoja kamba zifungwe.

(d) Udhu. Mpe chombo kisichopinduka, asimame pale pale kila siku, ataje kiungo kabla ya kukiosha. Katika sala, msimamishe kando ya mtu mzima mtulivu amfuate.

(e) Walimu wa shule na madrasa: mruhusuni ajibu kwa mdomo mnapotaka kujua kama amefahamu. Msimwandikishe mistari mingi kwa adhabu. Mkalisheni mbele, miguu ikanyage chini. Mkumbuke hadithi ya Bi Aisha (r.a.) kwamba anayesoma Kurani kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi msimcheke mwenye ujira mara mbili.

5. ULIMI WA JAMII

Kumwita mtoto mchawi ni dhulma mbele ya Mwenyezi Mungu, na ni kosa mbele ya serikali. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini, anayemtuhumu mtoto uchawi. Tena sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za wenye ulemavu nchini kote. Ukisikia mnong'ono huo, ukate hapo hapo. Mtoto aliyeitwa mchawi mara moja hufukuzwa nyumbani, na wa kumrudisha ni wachache.

MASWALI YA KUJIULIZA

- Ni mtoto gani nyumbani kwangu ninayemwita mvivu, na nimewahi kumtazama kwa makini anavyohangaika?
- Wiki hii nitamfundisha hatua ipi moja?
- Ni mama gani jirani yangu anayehitaji mkono wangu?

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu wepesi katika viungo vyao, utupe sisi subira katika ndimi na mikono yetu, na uiteremshie Buleusa amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina matukufu, usiitupe ovyo. Ukimaliza kuisoma, mpelekee mwalimu wa mtoto wako.)