DNA, Jeni na Ugonjwa wa Selimundu

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Mbona basi baba na mama walio wazima hupata mtoto anayelia viungo kila mara? Hapa kwetu, toka Diani hadi Msambweni, utasikia, "Huyo ana pepo," ama, "Ni damu ya mamake hiyo." Je, biolojia yasemaje?

Seli za mwili zina kromosomu 46: 23 za baba na 23 za mama. Kromosomu hubeba DNA, iliyo kama ngazi ndefu iliyosokotwa. Vipandio vyake ni kemikali nne zinazoandikwa kwa herufi: A hushikana na T, C hushikana na G. Kipande cha DNA chenye maagizo ya kuunda kitu fulani, k.m. himoglobini ya damu, ndicho jeni.

Katika selimundu, herufi moja tu imebadilika: mahali pa A pana T. Basi chembe nyekundu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mgonjwa hupata maumivu makali na kupungukiwa damu.

Tuite jeni ya kawaida N, na iliyobadilika S. Kila mtu hupata moja kwa kila mzazi:

NN – hana ugonjwa.
NS – mbebaji. Kwa kawaida haugui.
SS – mgonjwa.

Wazazi wote wawili wakiwa NS, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya SS, 2 kwa 4 ya NS, na 1 kwa 4 ya NN. Usidhani ati mmoja akiugua, watatu wafuatao wamesalimika. La! Kila mimba ni kama kurusha sarafu upya.

Lakini kwa nini S haikwisha? Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu. Alikuta wabebaji wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, penye malaria, na wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza kwamba NS humkinga mtu na malaria kali. Kumbe mbu ndiye aliyeidumisha S kwetu!

Kwa hivyo, ndugu zangu, tusimlaumu mama peke yake. SS hutoka kwa wazazi wote wawili. Mtoto apelekwe hospitali, nao wachumba wapime damu kabla ya harusi. Kinga ni bora kuliko tiba.