Uteuzi wa Pini za Bodi za Saketi na Makasha ya Plastiki: Somo la Istilahi na Vipimo

Utangulizi

Hudaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakitoshelezi mahitaji ya kufundishia elektroniki. Makala hii inanuia kulijibu dai hilo kwa mfano mmoja mdogo: uteuzi wa pini, yaani vijiti vya metali vinavyounganisha bodi ya saketi na nyaya zilizofungwa katika kasha la plastiki.

Umbali wa vitovu

Kigezo cha kwanza ni umbali baina ya pini. Tukiuita “nafasi”, mwanafunzi atapima pengo lililo wazi. Kwa pini za kawaida zenye upana wa milimita 0.64, pengo hilo ni milimita 1.90, ilhali kipimo kinachokusudiwa, kutoka kitovu cha pini moja hadi kitovu cha inayofuata, ni milimita 2.54. Atanunua kasha lisilofaa. Tunapendekeza basi istilahi “umbali wa vitovu”. Kasha la milimita 2.50 huweza kukubali pini tatu za 2.54, katika safu ya pini 20, hata hivyo, tofauti hujumlika kufikia milimita 0.76, kiasi kinachozidi upana wa pini yenyewe.

Tundu la bodi

Pini hiyo ni ya mraba, na ulalo wake ni takriban milimita 0.91. Anayetoboa tundu kwa kuzingatia upana pekee atakwama. Kipenyo cha milimita 1.0 hivi huipokea pini na kuiachia lehemu njia ya kupenya.

Metali ya juu

Dhahabu haipati kutu. Stani ni ya bei nafuu lakini hujifunika kwa oksidi. Inashauriwa dhahabu ikutane na dhahabu, na stani na stani. Oksidi huongeza ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Mkondo wa ampea 5 ukipita kwenye ukinzani wa omu 0.01 hutoa wati 0.25, ukinzani ukifikia omu 0.1, joto huwa wati 2.5, na kasha dogo laweza kulainika au hata kuungua.

Plastiki ya kasha

Tanuri la lehemu isiyo na risasi hufikia nyuzi 245 za Selsiasi hivi. Plastiki ya PBT huyeyuka karibu nyuzi 223. Kwa hiyo kasha lake lisipitishwe tanurini, bali pini zake zilehemiwe baadaye. Nailoni 66 huyeyuka karibu nyuzi 260, kwa hivyo salio la usalama ni dogo.

Hitimisho

Imebainika kwamba msamiati upo: kitovu, ulalo, lehemu, ukinzani. Kinachohitajika ni kuupima kwa rula ya fundi kabla ya kuuingiza kamusini, kwani istilahi isiyo sahihi huishia kuwa kifaa kilichoungua.