Kle ya upepo: mashine ya kufungua magurudumu bila kuharibu mikono



Garaji ikitaka kununua kle ya upepo kwa kazi ya kamyo, swali la kwanza la watu ni hili: ina nguvu gani? La pili: bei gani? Maswali hayo mawili ni mazuri. Lakini sisi wa dispanseri tunaongeza la tatu: mikono ya mtumikaji itashika mashine hiyo dakika ngapi kwa siku moja? Leo tutaona namna gani swali la tatu linajibiwa pamoja na la kwanza.

Kle ya upepo haizungushi ekru kama mkono unavyozungusha. Ndani yake mna nyundo ndogo inayozunguka, nayo inapiga mhimili mara nyingi sana kwa kila dakika. Mapigo yale ndiyo yanayolegeza ekru iliyokamatwa na kutu. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuishika bila kurushwa kando. Lakini mapigo yale yale yanarudi nyuma, yanaingia katika vidole, katika kiganja, hata kwenye kiwiko.

Mwingine atasema: basi tuache mashine, tukae na kle ya mkono na bomba refu kama wazee wetu. Hapana. Gurudumu la kamyo kubwa la barabara, lile lenye ekru 10, linakazwa kwa nguvu ya niutoni-meta 600 hivi. Maana yake ni kama mzigo wa kilo 60 unaoning'inia kwenye mwisho wa mkono wa chuma wenye urefu wa meta 1. Hiyo ni ekru safi. Yenye kutu na matope yaliyokauka inataka zaidi sana. Mtu anapanda juu ya bomba, anaruka, bomba linachomoka, anaanguka juu ya saruji. Migongo na mikono iliyovunjika namna hiyo ni mingi kuliko inavyoandikwa katika daftari za ajali, kwa sababu mtu akiumia mgongo wakati wa bomba anasema tu, "nimechoka," na anarudi nyumbani.

Hesabu ya dakika

Tuchukue kamyo yenye mihimili 3. Pande mbili kwa kila mhimili, ekru 10 kwa kila upande: ni ekru 60. Mashine yenye nguvu ya kutosha inafungua ekru moja kwa sekunde 5 hivi. Kamyo nzima itachukua dakika 5 za kutikisika. Sasa tuchukue mashine ndogo iliyonunuliwa kwa bei nafuu. Inapiga, inapiga, ekru haisogei; fundi anasukuma kwa tumbo, na ekru inatoka baada ya sekunde 40. Ekru 60 zitakuwa dakika 40. Kamyo ni ile ile, mtu ni yule yule, lakini mikono imepigwa mara nane.

Wataalamu wanapima mtikisiko wa mashine kwa tarakimu, nayo inaandikwa katika karatasi inayofuatana na mashine mpya. Ulaya imeweka sheria juu ya jambo hili tangu mwaka 2002: kwa siku ya saa 8, mtikisiko ukifika 2.5 mkubwa wa kazi sharti aanze kuchukua hatua, na 5 ni mwisho, haipitwi. Mashine ikiwa na tarakimu 10, mtu anafika mwisho ule kwa saa 2 tu. Ikiwa na 20, ni nusu saa. Angalieni: mtikisiko ukiongezeka mara mbili, muda haugawanywi kwa mbili, unagawanywa kwa nne. Kwa hiyo kapita anayenunua mashine aombe karatasi ile, asome tarakimu ile kabla ya kutazama rangi. Muuzaji asiyeweza kuionyesha, mimi nisingenunua kwake.

Vidole vinavyokufa asubuhi

Ugonjwa wenyewe unajulikana zamani. Mwaka 1918 daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford, katika jimbo la Indiana, kutazama wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo. Alikuta vidole vyao vinageuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Tangu hapo miaka zaidi ya 100 imepita, na mashine zimebadilika, lakini mishipa ya damu ya mtu haikubadilika.

Unaanza polepole. Kwanza vidole vinachomachoma kama siafu wanatembea ndani, hasa usiku. Baadaye, asubuhi ya baridi, ncha za vidole zinapoteza rangi. Juu ya ngozi nyeusi usitafute weupe wa chokaa: vidole vinakuwa kama majivu, na weupe unaonekana vizuri zaidi chini ya kucha na upande wa kiganja. Damu ikirudi, vinauma na kuwaka. Mwishoni mtu hawezi kutambua kwa kugusa kama ameshika msumari au kibiriti.

Mama wa nyumbani, hapa tunakuomba msaada wako. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi yetu ya Katanga, mtazame baba anapofunga vifungo vya shati saa 11 ya asubuhi. Kama anavitafuta kwa kidole na havioni, kama kikombe cha chai kinamponyoka, kama anaamka usiku akikung'uta mikono, mwambie aje kwetu. Yeye mwenyewe hatakuja. Atasema ni baridi tu. Akija mapema na akaachishwa mtikisiko, vidole vinaweza kupata nafuu. Akichelewa miaka, ganzi ile inaweza kubaki siku zote, na dawa ya kuifuta hatuna. Sigara inaongeza ubaya, kwa sababu inabana mishipa ile ile.

Na glavu? Glavu nzuri zinatunza joto na kukinga michubuko, kwa hiyo zivaeni. Lakini msizitegemee kuzuia mtikisiko wa kle, hata zikiuzwa kwa sifa hiyo. Kinachokinga ni mashine yenye nguvu na dakika chache.

Namna ya kuchagua

Tazameni kwanza mraba unaoingia katika duye (kile kikombe cha chuma kinachovaa ekru). Kuna wa nusu inchi, wa robo tatu, na wa inchi 1. Nusu inchi ni ya motokari ndogo. Robo tatu inafaa kwa kamyo nyepesi na kwa ekru zinazofunguliwa mara kwa mara. Kwa kamyo nzito, za barabara na za mgodi, chagueni inchi 1. Kwa magurudumu mawili ya nyuma, ekru ziko ndani sana. Chukueni ile yenye mhimili mrefu iliyotengenezwa hivyo kiwandani. Kuunganisha virefusho viwili au vitatu kunakula nguvu ya mapigo, na tunarudi kwenye zile sekunde 40.

Nguvu iliyoandikwa juu ya sanduku ni ile ya siku ya sifa: mashine mpya, upepo wa kutosha, hakuna kutu. Msinunue mashine ambayo tarakimu yake inagusa tu 600. Takeni inayopita mara mbili, na zaidi.

Halafu upepo. Hapa garaji nyingi zinalaumu mashine bila kosa lake. Kle nyingi zinataka upepo wa bari 6.3 hivi wakati mashine inazunguka, si wakati imelala. Tiyo nyembamba na ndefu inaua upepo njiani. Kle nyingi za inchi 1 zinataka tiyo yenye tundu la milimeta 19, na viungo vyake viwe vipana vilevile. Wekeni kipimo karibu na mashine, bonyezeni, someni. Kama sindano inaanguka, dawa ni tiyo pana au kompresa kubwa zaidi. Kupandisha upepo kupita kiasi kunavunja nyundo ya ndani na kunaongeza mtikisiko. Toeni maji katika tangi kila siku, na mashine ipate matone yake ya mafuta.

Kle ya inchi 1 ina uzito wa karibu kilo 10. Mtu akiibeba kutwa, mabega yatalia kabla ya vidole. Ining'inizeni kwa kamba ya springi au iwekeni juu ya kigari. Siku hizi ziko pia kle za betri, bila tiyo. Kwa kamyo iliyokwama barabarani kati ya Likasi na Kolwezi ni nzuri sana, lakini zinapiga na kutikisa kama nyingine. Kwa mwenye kamyo moja tu, anayebadilisha gurudumu mara chache, chombo cha mkono chenye meno ya gia ndani, kinachozungushwa kwa mpini mdogo, kinatosha: hakina kelele wala mtikisiko, na bei yake ni ndogo.

Duye ziwe nyeusi na nene, za kazi ya kupigwa. Zile za kung'aa ni za mkono; chini ya nyundo zinaweza kupasuka, na kipande kinaruka kama risasi. Miwani ya kazi basi, kila mara. Kipande kikiingia ndani ya jicho, usisugue, usikivute, usioshe kwa nguvu. Funika jicho kwa kikombe safi bila kuligandamiza, nenda hopitali siku ile ile, hata kama maumivu ni madogo. Chuma kinachobaki ndani kinaota kutu, na kutu ile inalipofusha jicho.

Masikio pia. Kle kubwa inaweza kupita desibeli 100. Kwa kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, sauti ya 85 inavumiliwa saa 8. Kila 3 zinazoongezeka zinagawa muda kwa mbili. Kwa 100 zinabaki dakika 15 tu. Vizibo vya masikio vivaliwe na mwenye kushika, na pia na mwanafunzi wa kazi anayesimama karibu naye.

Kabla ya ekru ya kwanza

Sasa jambo ambalo kle nzuri kuliko zote haiwezi kulizuia, na ndilo linaloua. Pine ya kamyo ina upepo wa bari 8 hivi: kila sentimeta ya mraba inasukumwa kwa uzito wa kilo 8. Ubavu wa pine una sentimeta za mraba elfu kadhaa. Fanyeni hesabu: ni makumi ya tani yaliyofungwa mle ndani. Kwenye janti za vipande, zenye pete, pengine kipande kimepasuka na hakionekani, na ekru zako ndizo zinazokishika. Unalegeza ekru, pete inaruka, na mtu aliyeinama mbele yake hana muda hata wa kupiga kelele.

Kwa hiyo upepo unatoka kwanza. Weka vizuizi chini ya magurudumu mengine, inua kwa kriki juu ya ardhi ngumu, tia vigingi vya chuma. Kisha ondoa kiini cha valvu, acha upepo uishe wote, pitisha waya katika tundu la valvu ili ujue kwamba halikuzibwa na matope. Yakiwa magurudumu mawili pamoja, toa upepo wa yote mawili, la nje na la ndani. Wakati wote huo simama kando, si mbele ya gurudumu. Ndipo kle ishikwe. Kwenye kamyo za zamani tazama pia upande wa kushoto: nyingine zina ekru zinazofunguka kwa kugeuka kama mshale wa saa, na mtu anaikaza nusu saa akidhani anafungua.

Ekru ikikataa kabisa, tia mafuta ya kupenyeza jioni, ungoje asubuhi. Moto, hapana. Kupasha ekru kwa shalumo wakati pine iko juu ya janti kunachoma mpira kwa ndani, gesi inazaliwa, na pine inaweza kulipuka hata kama ulidhani haina kitu.

Wakati wa kurudisha, anza kila ekru kwa vidole mizunguko miwili au mitatu, kle ya upepo isogeze tu, kwa kuruka kutoka ekru moja hadi ile ya kuikabili. Kukaza kwa mwisho ni kazi ya kle ya mkono yenye kipimo, kwa tarakimu iliyo katika kitabu cha kamyo. Kle ya upepo haijui kupima; inavuta buloni mpaka inachoka, na buloni iliyochoka inakatika safarini. Baada ya kilometa 50 hivi shoferi asimame, apime ekru zote tena.