Samaki kama Kiashirio cha Uchafuzi wa Plastiki Baharini: Mfano wa Funguvisiwa la Lamu

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi samaki anavyotumiwa kupima uchafuzi wa plastiki baharini, na kwa nini kazi hiyo, ingawa ni ya wanasayansi, haikamiliki bila majina ambayo wavuvi wamewapa samaki wao.

Plastiki ya ufukweni si habari ngeni Lamu. Mwaka 2018 mafundi wa huko, wakiongozwa na Ali Skanda, walishua Flipflopi, jahazi dogo lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Lakini inayotuhusu hapa ni plastiki isiyookoteka: vipande na nyuzi zisizofika milimita 5. Hiyo hutafutwa tumboni mwa samaki. Utumbo huyeyushwa kwa kemikali, mabaki yakachujwa, kisha yakakaguliwa kwa hadubini. Mtafiti hana budi kuchunga hata nguo zake, maana uzi wa shati lake huweza kuhesabiwa kuwa umetoka baharini.

Je, achunguzwe samaki yupi? Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiashirio (wengine huandika kiashiria, nasi hatuna ugomvi nao) huonyesha mahali pake tu. Mkizi, ambaye wengi wetu tunamjua kwa hasira zake katika methali, hula masalia yaliyo kwenye tope, hata katika maji ya mikoko. Tafi hula mwani na majani ya bahari. Nguru huwinda samaki wadogo, hivyo plastiki iliyo tumboni mwake huenda aliimeza pamoja na windo. Mtafiti anayeandika “samaki wa soko la Lamu”, basi, amewachanganya mashahidi watatu wasioishi wala kula pamoja. Mvuvi hafanyi kosa hilo; kwake jina la samaki ni jina la maji yake na mtego wake pia.

Msimu nao una kauli. Wakati wa kusi, mkondo wa pwani huelekea kaskazini, ukitoka upande wa Tanzania. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana katika bahari ya kaskazini mwa Kenya. Tafi wa Januari na tafi wa Julai, kwa hiyo, hawatoi ushahidi mmoja. Aidha, plastiki nyingi hupita tumboni na kutoka. Samaki ni shahidi wa juzi, si wa mwaka jana.

Suala hili linagusa riziki. Kauli ya jumla kwamba samaki wa Lamu wana plastiki yaweza kumharibia soko mvuvi wa Kizingitini bila kumfaa mlaji. Linalomfaa mlaji ni kuambiwa ni samaki gani, na plastiki imeonekana sehemu gani ya mwili: nguru hutolewa matumbo kabla ya kutiwa chunguni, ilhali dagaa huliwa mzima.