Kumfunza Mtoto Kuisoma Picha

Picha ni zana ya kufundishia ipatikanayo kwa urahisi, lakini mara nyingi hutumiwa isivyofaa. Mwalimu huitundika ukutani, husoma maelezo yaliyo chini yake, kisha huendelea na somo. Mtoto hujifunza jambo moja tu: kuamini aliloambiwa. Siku hizi, ambapo picha huweza kuenezwa kwa simu ikiwa na maelezo ya uongo, mazoea hayo yana hatari. Katika makala hii tunapendekeza njia tuliyoiazima kwa wapiga picha wa ridhaa.

Watu hao, wapigao picha kwa mapenzi tu, wana desturi ya kuonyeshana kazi zao na kuzichunguza pamoja. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitumia desturi hiyo. Iliweka picha zake za zamani zipatazo 3,100 katika Flickr, mahali ambapo wapenzi wa picha hukutana kwa njia ya intaneti, ikawaomba watazamaji waeleze waliyoyatambua. Baadhi ya picha zilikuwa na maelezo machache mno, pengine jina la ukoo tu. Kufikia Oktoba mwaka huo maoni yalikuwa yamepita 7,000. Wengine walitaja mahali, tarehe na watu, wakitoa ushahidi kama vile habari za magazeti ya kale. Wakutubi hawakupokea kila neno. Walihakiki kwanza, ndipo wakaongeza maarifa mapya katika kumbukumbu zaidi ya 500.

Funzo letu ni hili: kuona si kukisia, na kukisia si kujua. Mwalimu wa darasa la tano aweza kulifundisha kwa hatua nne.

1. Kutazama. Wanafunzi waitazame picha kimya kwa dakika mbili, maelezo yake yakiwa yamefunikwa.

2. Kutaja. Kila mmoja ataje kitu kimoja kinachoonekana. "Mama amebeba ndoo" ni jibu sahihi. "Mama anatoka kisimani" ni dhana. Lingoje hatua ifuatayo.

3. Kukisia. Sasa dhana zipokewe, lakini kila dhana ifuatwe na swali: "Umejuaje?" Vivuli virefu hudokeza asubuhi au jioni, mavazi, mimea na maandishi ya dukani hudokeza mahali na wakati.

4. Kuhakiki. Maelezo yafunuliwe na kulinganishwa na dhana za darasa. Lililobaki na shaka lipelekwe kwa wazee au vitabuni.

Darasa likiwa kubwa, wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu sita. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu, wala asimcheke aliyekosea.

Katika kupima somo, mwalimu aonyeshe picha nyingine yenye maelezo yasiyolingana nayo, bila kusema lolote. Mtoto atakayeuliza "Tumejuaje?" amelielewa somo. Asipotokea hata mmoja, hatua ya tatu irudiwe.