Kamio ya zamani yenye moteri ingine: tuipime namna gani mbele ya kulipa?



Wengi wetu tunafikisha muhogo na muchele ku soko ya Nyawera kwa kamio ya kukodi, na kodi inakula faida kila safari. Ndiyo maana Mercedes ya zamani ya bei ndogo inavuta macho. Muuzaji anafungua kapo, moteri inawaka mara moja, anasema: «Tuliweka moteri ingine, iko muzima.» Inaweza kuwa kweli. Lakini iko muzima kwa kazi gani?

Musome kwanza namba ya kamio. 911 maana yake ni tani 9, kamio na muzigo pamoja, na nguvu za farasi karibu 110. 1113 ni tani 11 na farasi karibu 130. Moteri yao ya asili ni OM 352: silinda 6, lita 5.7. Iko na mudogo wake, OM 314, silinda 4, lita 3.8, farasi karibu 85. Pistoni zao ni za kipimo kimoja, milimita 97, kwa hiyo mafundi wanazijua zote mbili, na ile ndogo inaweza kuwekwa pahali pa ile kubwa. Muuzaji akisema «ni Mercedes», hadanganyi. Nyinyi muhesabu mirija ya mazutu yenye kutoka ku pompe kwenda ku silinda. Kama ni ine, mumejua.

Tupige hesabu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu 15 kwa mia ya nguvu. Farasi 130 zinabaki 110; farasi 85 zinabaki 72. Kupandisha tani 11 ku Ngomo, kutoka Kamanyola, na farasi 72, ni kutambaa na kuchemsha maji. Tena kupanda si ndiyo mubaya zaidi. Wakati wa kushuka, moteri ndogo haishikilii kamio vizuri. Dereva anakanyaga freni bila kuachilia mpaka zinapata moto na kuacha kushika. Na mara nyingi juu ya muzigo kuna wamama wenye kurudi soko.

Kwa hiyo muangalie kompresere, ile yenye kusukuma hewa ya freni. Moteri yenye kutoka ku gari ingine inaweza kukosa yake, ao ikafungiwa moja ndogo. Mujaze hewa, muzime moteri, mukanyage freni na kuishikilia, muangalie sindano: ikiendelea kushuka, hewa inatoroka. Muingie chini pia. Shasi yenye kukatwa na kuungwa kwa suduri ili kupokea moteri, sisi hatuichukui, hata wapunguze bei.

Jaribio lenyewe lifanywe na muzigo, ku mulima, asubuhi moteri ikiwa baridi. Kuzunguka Nyawera bila muzigo hakuonyeshi kitu. Mukirudi, mufungue kifuniko cha mafuta ya moteri: rangi ya maziwa ni maji yameingia, moshi mwingi wenye kusukuma hapo ni pistoni zimechoka.

Mwisho, mulinganishe namba yenye kuchorwa ku moteri na karatasi. Zikiachana, muuzaji arekebishe karatasi yeye mwenyewe, kwa feza zake, mbele koperative haijatoa hata avansi.